Throtoli ya P-51D: nafuata vipimo vyote, injini inakufa dakika ya saba. Kosa ni la mkono, la mpini au la simuleta?

#1 Kipanga_wa_Jioni

Wakuu, salaam. Hili jambo limeninyima raha wiki ya tatu sasa.

Ninarusha P-51D, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, kwenye simuleta (programu ya kompyuta ya kuiga urushaji). Kitabu chake nimekisoma mpaka namba zimekaa kichwani: kupaa ni presha ya hewa ya injini ya inchi 61 za zebaki na mizunguko 3000 kwa dakika, safari ya muda wote ni inchi 46 na mizunguko 2700, na ile nguvu ya dharura ya inchi 67 ni dakika 5 basi. Sivuki popote. Napaa na 61, magurudumu yakishaingia napunguza kidogo, naanza kupanda. Ikifika dakika ya saba au ya nane injini inaanza kutetemeka, moshi unatoka ubavuni, halafu kimya. Nabaki nimekalia zaidi ya tani nne za bati linaloteleza angani.

Throtoli yangu, yaani kidhibiti cha nguvu ya injini, ni ya mezani, mpini mmoja, na pembeni ina kigurudumu kidogo ambacho nimekipa kazi ya propela. Rafiki yangu ana programu hiyohiyo, toleo hilohilo, anaruka saa nzima kwa inchi zilezile na hapati shida.

Sasa kosa liko wapi? Mkono wangu, throtoli, au simuleta ina saa iliyofichwa inayonihesabia? Majibu ya "nunua throtoli nyingine" naomba yasubiri.

#2 FundiSpana

Mkuu, inchi na mizunguko ni nusu ya habari. Unapanda kwa mwendo gani? Na joto la maji linasoma ngapi pale injini inapoanza kutetemeka?

#3 Mzee_wa_Merlin

Tusilaumu chombo kabla ya mkono. P-51D ina mipini miwili inayogombana usipoipatanisha. Throtoli inaamua hewa iingie kwenye silinda kwa presha gani. Mpini wa propela unaamua injini izunguke mara ngapi. Ukiweka presha kubwa na mizunguko midogo, ni kama kupanda mlima na gari kwa gia ndefu huku umekanyaga mafuta mpaka chini. Mchanganyiko unakaa muda mrefu kwenye joto na mgandamizo, unalipuka wote kwa mpigo badala ya kuungua kwa utaratibu, injini inagonga. Injini ikigonga kwa presha ya inchi 61, pistoni haidumu.

Ndiyo maana marubani walikaririshwa hivi: ukiongeza nguvu, propela kwanza, throtoli ifuate. Ukipunguza, throtoli kwanza, propela ifuate.

Umesema "napunguza kidogo". Mkono wako unapunguza kipi kwanza?

#4 Mbayuwayu_77

Nakaa siti ya mbele hapa. Yananikuta hayahaya kwenye ndege ya Waingereza, Spitfire Mk IX.

#5 Kipanga_wa_Jioni

@FundiSpana napanda kwa maili 140 kwa saa, napenda kuinua pua nipate kimo haraka. Joto la maji linacheza nyuzi 110 hadi 115. Kikomo ni 121, kwa hiyo naona bado nina nafasi.

@Mzee_wa_Merlin napunguza throtoli mpaka 55 hivi, kisha kigurudumu cha propela mpaka 2850. Naamini mpangilio ni sahihi.

#6 FundiSpana

Maili 140! Hapo tumemkamata mwizi. Rejeta ya P-51 iko chini ya tumbo, inapumua kwa upepo wa mwendo. Panda kwa maili 170 hivi, kimo utakipata vilevile na injini itapata hewa. Ukiinua pua sana unadai nguvu nyingi huku unaziba mdomo wa kupoozea.

Na hiyo 115 isikupe moyo. Geji inapima maji, haipimi kichwa cha silinda wala beringi. Kabla maji hayajafika 121, kuna sehemu ndani zimeshateseka.

#7 Bawa_la_Kushoto

Kwa heshima zote, mnamzungusha mleta uzi. Jibu ni saa. Simuleta nyingi za ndege za zamani zimechukua dakika zilizoandikwa kitabuni zikazigeuza hukumu. Kitabu kinasema dakika 5, sekunde ya 301 injini inavunjika. Mimi nilikuwa narusha P-40E, ndege nyingine ya Wamarekani, kwenye simuleta nyingine. Ukigusa presha ya kupaa kwa muda mfupi tu, kwaheri. Ukirudisha mpini nyuma ukasubiri, saa inajijaza tena kama betri. Injini ya chuma ina tabia hiyo?

P-51 kwa inchi 61 kikomo cha kitabu ni dakika 15. Wewe unakaa juu ya inchi 46 muda wote. Kama waandishi wa programu wamepiga hesabu ya jumla ya nguvu badala ya namba moja moja, dakika ya saba inaeleweka kabisa.

#8 Mzee_wa_Merlin

@Bawa_la_Kushoto nakubaliana na nusu ya kwanza. Zile dakika hazikuwa umri wa injini. Zilikuwa ruhusa. Kiwanda na jeshi walitaka injini ifikishe saa zake kabla ya kufunguliwa, kwa hiyo wakaweka mpaka. Kwenye P-51 mpini ulikuwa unakuta kizuizi kwenye inchi 61, na ili kufika 67 ulikuwa unakata waya mwembamba. Ndege ikitua, fundi akiona waya umekatika anajua bila kuuliza. Rubani anaeleza alitumia dakika ngapi, injini inakaguliwa.

Waingereza walikuwa na utaratibu wa namna hiyo tangu 1940. Injini yao ya Merlin III kwa mafuta ya okteni 87 ilikuwa na kikomo cha presha cha paundi +6¼. Mafuta ya okteni 100 yalipokuja ikaruhusiwa +12 kwa dakika 5, kwa kukikata kidhibiti cha presha, na rubani alitakiwa kutoa taarifa akitua. Mtu anayekimbizwa na ndege ya Kijerumani ya Bf 109 haangalii saa. Wengi walipita muda huo wakarudi nyumbani na injini inanguruma.

Na hiyo P-40E uliyoitaja ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Presha rasmi ya kupaa ya injini yake, V-1710 ya Allison, ilikuwa inchi 45.5. Desemba 1942 kampuni ya Allison yenyewe iliandika kuhusu taarifa za marubani walioko Australia kuisukuma mpaka inchi 66. Walionywa, lakini injini zilikuwa zinarudi. Simuleta inayoiua kwa 45.5 ndani ya muda mfupi imemdhulumu aliyeitengeneza.

Ninapotofautiana nawe: simuleta anayotumia mleta uzi, kwa ninavyoifahamu, inahesabu joto na mzigo. Haina saa tupu.

#9 Bawa_la_Kushoto

Unavyoifahamu kwa kuirusha, au umeona ndani ya programu?

#10 Mzee_wa_Merlin

Kwa kuirusha. Nimewahi kukaa dakika 22 kwa inchi 61, mwendo maili 300, usawa wa bahari. Haikufa.

#11 Umeme_Mdogo

Habari zenu. Naona watu wote mko ndani ya injini, hakuna aliyeangalia mezani.

Kipanga, kile kigurudumu cha propela ndani yake karibu hakika kuna potenshomita: kijibrashi kinachosugua kwenye utepe wa kaboni. Utepe ukiingia vumbi au ukichakaa, kijibrashi kinaruka. Mkono wako umetulia, lakini kompyuta inapokea 100, 100, 62, 100, 97, 40, 100. Kwa macho huoni, kwa sababu sindano ya mizunguko ndani ya ndege ni nzito, haiwahi kushuka. Lakini simuleta inayopiga hesabu mara nyingi kwa sekunde inaiona amri ya kushusha mizunguko wakati presha iko 61. Rudi kwenye maelezo ya Mzee kule #3 uone maana yake.

Usibishane nami, pima. Fungua dirisha la vidhibiti vya mchezo kwenye kompyuta, achia kigurudumu, usikiguse, angalia alama yake dakika mbili. Ikitetemeka, umepata.

Throtoli zenye kihisi cha Hall hazina shida hii, zinatumia sumaku, hakuna kinachosuguana. Lakini sijasema ununue.

#12 Kipanga_wa_Jioni

@Umeme_Mdogo Mungu akubariki. Nimepima sasa hivi. Mpini mkubwa umetulia. Kigurudumu kinaruka! Nikikiachia mwisho kabisa kinatulia, lakini nikikiweka kwenye robo ya mwisho, pale pale penye 2850, alama inacheza kama mshumaa kwenye upepo.

#13 Mbayuwayu_77

Dada Umeme kawazima wazee wote kwa posti moja 😂

#14 Umeme_Mdogo

Bado hatujathibitisha chochote. Kuruka kwa alama na kufa kwa injini ni vitu viwili mpaka tuvione pamoja. Kipanga, puliza dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme kwenye kigurudumu, kizungushe mwisho hadi mwisho mara hamsini, acha kikauke. Kisha kwenye mipangilio ya mhimili (njia ya kidhibiti hicho kwenye kompyuta) weka sehemu bubu ndogo mwishoni, yaani mahali ambapo kutikisika hakubadilishi kitu, ili mwisho wa kigurudumu uwe 3000 kamili bila kubahatisha. Na hakikisha umeweka alama kwamba huo mhimili ni wa kuteleza kutoka sifuri, usiusome kama joistiki yenye katikati. Watu wengi wanasahau hapo. Mkunjo, yaani uhusiano wa mwendo wa mpini na amri inayotoka, unalegea katikati na nusu ya safari ya mpini inafanya kazi ya robo.

#15 Tai_wa_Pasifiki

Nimesoma yote. Kuna kitu kwenye #3 kimenikaa vibaya. Mzee anasema mizunguko midogo na presha kubwa ni kifo. Charles Lindbergh mwaka 1944 alikwenda Pasifiki akawafundisha marubani wa ndege za P-38 kushusha mizunguko mpaka 1600 na kuacha presha juu, ili mafuta yadumu. Walipinga, walidhani injini zitaharibika. Hazikuharibika, na umbali wa safari ukaongezeka sana. Sasa hiyo kanuni ya "propela kwanza" ni sheria ya fizikia au ni desturi tu?

#16 Mzee_wa_Merlin

Swali zuri, na ni kweli Lindbergh alifanya hivyo. Lakini presha yenyewe ilikuwa inchi 30 na kitu. Hiyo ni karibu na hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, ambayo ni 29.92. Yeye aliiita kubwa ukilinganisha na ile mizunguko. Kwa inchi 30 na 1600 injini inapumua polepole na haigongi. Weka 61 kwa 1600 uone. Kila mizunguko ina presha yake ya juu inayoivumilia, na ndiyo maana kitabu kinazitoa namba kwa jozi: 46 na 2700, 61 na 3000. Ukisoma namba moja bila mwenzake umesoma nusu ya sentensi.

#17 Tai_wa_Pasifiki

Nimekuelewa. Nafuta neno "desturi".

#18 Sungura_FW

Naomba niwaulize nyinyi wa mipini miwili. Mimi ni mtu wa ndege ya Kijerumani, Fw 190 A. Mpini mmoja. Nasukuma, inakwenda. Narudisha, inatulia. Tangu nianze sijaua injini hata moja kwa kosa la mkono. Kwa nini Waingereza na Wamarekani hawakufanya hivyo?

#19 FundiSpana

Kwa sababu ndani ya injini yake, BMW 801, kuna sanduku linaloitwa Kommandogerät linalofanya kazi ya mikono mitatu. Unasukuma mpini, lenyewe linapanga mizunguko, mchanganyiko wa mafuta, wakati wa cheche na gia ya supachaja, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini. Ni kompyuta ya mafuta na vyuma, haina hata transista. Lilikuwa na vipande vingi na mwanzoni liliwatesa mafundi. Rubani alipumzika kwa sababu fundi alikuwa anakesha.

Lakini usijisifu sana. Hata kwako kuna mipaka: presha ya ata 1.42 (kipimo cha Wajerumani) na mizunguko 2700 ni dakika 3, ata 1.32 na 2400 ni nusu saa. Sanduku linapatanisha mipini, halikuhesabii dakika.

#20 Mbayuwayu_77

Hivi hizi ata, inchi na paundi nani alizitengeneza ili kututesa? Ata 1.42 ni inchi ngapi? 1.42 mara 29.92 nimepata 42.5. Sasa Fw 190 inapigana kwa inchi 42 wakati P-51 inatumia 67? Mbona tofauti kubwa hivyo?

#21 Umeme_Mdogo

Marekebisho madogo. Ata ya Wajerumani ni kilo 1 kwa sentimita ya mraba, siyo hewa ya usawa wa bahari. Ata 1 ni inchi 28.96. Kwa hiyo 1.42 ni inchi 41.1.

Paundi za Waingereza zinaanzia kwenye hewa ya kawaida, hazianzi sifuri. Spitfire yako ikionyesha +18 unajumlisha 14.7, unapata 32.7, ukizidisha kwa 2.036 ni inchi 66.6. Umeona? +18 ya Spitfire Mk IX na inchi 67 za P-51 ni kitu kimoja, na si ajabu, injini ni ndugu: Merlin 66 ya Rolls-Royce na V-1650-7 ya Packard. Warusi wanatumia milimita za zebaki. Ndege yao ya La-5FN kwa 1200 ni inchi 47.

#22 FundiSpana

Na usilinganishe presha ya injini moja na nyingine kama unalinganisha urefu wa watu. Merlin ina lita 27. DB 605, injini ya Bf 109, ina lita 35.7. BMW 801 ina karibu lita 42. Kifua kikubwa hakihitaji kusukumiwa hewa kwa nguvu hivyo. Mjerumani alipata nguvu kwa ukubwa wa silinda, Mwingereza kwa supachaja na mafuta bora.

#23 Sungura_FW

Asante kwa somo. Bado naupenda mpini wangu mmoja.

#24 Ngao_ya_Zamani

Tukiwa kwenye mipini, msisahau kwamba hata upande wa kusukuma haukuwa mmoja. Ndege nyingi za Ufaransa kabla ya vita zilikuwa zinaongeza nguvu kwa kuvuta throtoli nyuma. Za Poland vilevile. Marubani wa Poland walipofika Uingereza mwaka 1940 na kupewa Hurricane, ilibidi mkono wa kushoto ujifunze upya. Fikiria uko chini, adui nyuma yako, mkono unavuta kwa mazoea ya miaka, na injini inanyamaza.

Mimi nikirusha ndege ya Kifaransa kwenye simuleta nageuza mhimili, navuta kama wao. Siku za kwanza niligonga miti mara nyingi, lakini nikaelewa kitu ambacho picha haziwezi kukuonyesha.

#25 Tai_wa_Pasifiki

Unageuza kweli? Hiyo ni kuijali ndege. Mimi nisingeweza, ubongo ungekataa.

#26 Kipanga_wa_Jioni

Nimerudi na majibu.

Nimesafisha kigurudumu kama dada Umeme alivyoelekeza. Alama imetulia. Nimeweka sehemu bubu mwishoni, mizunguko inafika 3000 na kukaa. Nimepanda kwa maili 170. Joto la maji 105.

Jaribio la kwanza: inchi 46 na 2700, dakika 50, injini safi mpaka nikatua mwenyewe.

Jaribio la pili: inchi 61 na 3000, kupanda mfululizo. Imekufa dakika ya 11.

Kwa hiyo tumeongeza dakika nne, lakini bado inakufa ndani ya dakika 15 za kitabu. Ilikuwa futi 17,000 hivi.

#27 Bawa_la_Kushoto

Nilisema. Joto 105, mwendo sahihi, kigurudumu safi. Kilichobaki ni saa.

#28 FundiSpana

Subiri kidogo, hicho kimo kina maana. Supachaja ya P-51D ina kasi mbili, na inabadilika yenyewe kuingia kasi ya juu kati ya futi 14,500 na 19,500 kutegemea toleo la injini na presha ya hewa. Ikiingia, hewa inasukumwa kwa nguvu zaidi na inapata moto zaidi. Kipanga, uliona presha ikiruka kabla ya kufa?

#29 Mzee_wa_Merlin

Hapo lazima tuwe makini. Mpini wa P-51D hauendi moja kwa moja kwenye kipepeo cha kabureta, yaani kile kilango cha kuingizia hewa. Unaagiza presha, na kidhibiti ndicho kinachofungua au kufunga kipepeo ili presha hiyo ipatikane. Ukiwa chini kipepeo hakijafunguka chote. Unavyopanda hewa inapungua, kinafunguka zaidi, mpaka kinafika mwisho, na kuanzia hapo presha inashuka hata ukisukuma mpini. Supachaja ikiingia kasi ya pili, kidhibiti kinatakiwa kukirudisha kipepeo. Kwa hiyo ukiacha mpini palepale, presha haitakiwi kupita 61 ila kwa kitambo kidogo sana.

Lakini kama presha iliposhuka Kipanga alisukuma mpini ili kuirudisha, hapo ameagiza 67 bila kujua. Supachaja ikaingia, ikampa alichoagiza.

#30 Kipanga_wa_Jioni

@Mzee_wa_Merlin umenigusa. Ndiyo. Kwenye futi 15,000 sindano ilianza kushuka, nikasukuma mpini kidogo. Sikuona ikiruka kwa sababu nilikuwa naangalia nje. Throtoli yangu haina tuta lolote, inateleza laini mwanzo hadi mwisho, mkono haujui 61 iko wapi.

#31 Ngao_ya_Zamani

Tuta ni kila kitu. Mimi nilitengeneza la kwangu. Nilifungua throtoli, nikabandika kipande cha plastiki kigumu ndani ya njia ya mpini, kwenye asilimia 90 hivi ya safari. Nikapanga mkunjo ili inchi 61 ziangukie hapohapo. Sasa mkono unagonga, unasimama. Kupita ni lazima nisukume kwa kukusudia. Baadaye nikaongeza uzi mwembamba wa shaba mbele yake, nikiuvuka unakatika, nabadilisha baada ya kila safari. Wiki nzima ya kwanza nilikata nyuzi kumi na moja, yaani kila pambano. Sasa zinapita safari nne, tano, sijaugusa. Mkono umejifunza kuogopa.

#32 Umeme_Mdogo

Hii ni nzuri sana. Ila angalizo: tuta la Ngao linafaa ndege moja. Akipanda Bf 109 K yenye MW 50, maji na methanoli, mpaka wa kawaida na wa dharura uko mahali pengine. Itabidi awe na mkunjo tofauti kwa kila ndege, auhifadhi, na asisahau kuubadilisha.

#33 Ngao_ya_Zamani

Kweli. Nina mikunjo sita, imeandikwa kwenye karatasi ukutani.

#34 Popo_wa_Usiku

Mgeni hapa, nimewafuatilia kimya. Hakuna aliyetaja plagi. Kipanga, unakaa muda gani chini kabla ya kupaa, mpini ukiwa nyuma kabisa? Mafuta ya okteni kubwa ya wakati ule yalikuwa na risasi, na injini ikizunguka taratibu muda mrefu risasi na masizi vinaganda kwenye plagi. Marubani wa P-51 waliokuwa wakisindikiza ndege za mabomu kwa saa nyingi kwa nguvu ndogo walitakiwa mara kwa mara kuongeza nguvu kwa muda ili plagi zijisafishe. Kama simuleta inaiga hilo, mtetemo unaousikia mwanzo si pistoni. Ni silinda inayokosa moto.

#35 Kipanga_wa_Jioni

Nakaa chini dakika kama sita nikisubiri mafuta ya injini yapate joto. Mpini nyuma kabisa.

#36 FundiSpana

Plagi chafu zinaleta mtetemo na kupoteza nguvu, nakubali. Lakini moshi ubavuni na kimya kabisa? Plagi hazinyamazi zote kwa pamoja, na Merlin ina mbili kwa kila silinda, 24 jumla. Mimi bado naona supachaja.

#37 Popo_wa_Usiku

Simuleta inaweza kuwa imeunganisha. Silinda inayokosa moto, mtetemo, beringi, basi. Sijui kwa nini unaiondoa mapema hivyo.

#38 Bawa_la_Kushoto

Mnaona wenyewe: mwendo, kigurudumu, supachaja, plagi. Kila sababu ikikataliwa inakuja nyingine. Saa iliyofichwa inaeleza yote kwa pamoja.

#39 Mzee_wa_Merlin

Saa haielezi kwa nini rafiki yake anaruka saa nzima kwa inchi zilezile. Wala dakika zangu 22.

#40 Bawa_la_Kushoto

Rafiki yake anaruka chini au juu? Wewe ulikuwa usawa wa bahari, na labda yeye pia, ambako hewa ya kupoozea ni nzito. Labda saa inakwenda haraka hewa ikiwa nyembamba. Hiyo haipingani na FundiSpana, na haipingani na mimi.

#41 Umeme_Mdogo

Hapo Bawa ametoa hoja ya kupimwa, nampongeza. Kipanga, fanya majaribio matatu ukiwa na subira, badilisha kitu kimoja tu kila mara:

Inchi 61, futi 3,000, usipande, mpini usiuguse, mpaka dakika 20. Halafu vilevile kwa futi 20,000, ambako supachaja imeshaingia kasi ya pili. Halafu kupanda tena, lakini presha ikishuka kwenye futi 15,000 iache ishuke, usiifuate. Kila mara chini ongeza mizunguko mpaka 1500 wakati unasubiri joto, ili swali la Popo tulifunge. Na rekodi njia ya mhimili, ili tuone kama kigurudumu kimeanza tena kuruka. Dawa ya viunganishi mara nyingine inakaa wiki moja tu.

#42 Kipanga_wa_Jioni

Nimeandika yote. Nitaanza na ya futi 3,000 kesho usiku. Asanteni sana, nimejifunza zaidi ya nilichouliza.

#43 Mbayuwayu_77

Nimepanda Spitfire leo, nikaiacha presha ishuke bila kuifuata. Dakika 18 kwa +12 na 2850, haijafa. Kitabu kinaruhusu saa nzima kwa hizo namba, kwa hiyo bado siwezi kusema nimepona. Ila nimegundua kwamba siku zote nilikuwa nasukuma mpini kila sindano ikitikisika.

#44 Sungura_FW

Nje ya mada kidogo: kuna mwenye Mosquito hapa? Nataka kuhamia injini mbili. Kwa throtoli ya mpini mmoja inawezekana, au injini moja ikizimika nitashindwa kuitenganisha na mwenzake?

#45 Tai_wa_Pasifiki

Inawezekana kwa kutumia vitufe vya kuchagua injini, lakini ikizimika kwenye kupaa hutakuwa na muda wa kutafuta kitufe. Ungana nami kwenye uzi wa P-38, tumelijadili kurasa nne. Na Kipanga, tunakusubiri na hizo rekodi.